Kura ya Ishirini na Tisa

Mchungaji, mwenyekiti, wanafamilia, majirani wa Harbrook, na wageni mliopanda kilima chetu kwa barabara ambayo bado ina matope ya Aprili, mimi naitwa Royce Tuttle, mdogo wake marehemu kwa miaka mitano, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na nimesimama hapa si kwa sababu ya ufasaha, ila kwa sababu jina langu limeandikwa katika karatasi ya maagizo aliyomwachia binti yake Prudence, na wengi wenu mnajua kwamba mtu akishaandikwa na Avis hana pa kukimbilia.

Karatasi hiyo inasema nisome historia yake bila kuipamba, niweke tarehe zote, nisizidishe sifa, na kwamba isomwe kama tunavyosoma muhtasari wa kikao kilichopita katika kanisa hili, yaani nikimaliza muulizwe kama yapo masahihisho, yakiwapo yaandikwe, ndipo historia ikubaliwe kwa kura, na atakayeongoza masahihisho awe Lucian Barrow na si mtu mwingine. Lucian yuko pale kwenye kiti cha mwenyekiti, amevaa tai ambayo sijapata kuiona, na nawaambieni mapema kwamba sahihisho moja ninalo mimi mwenyewe, linamhusu yeye, nimelibeba miaka thelathini na saba, na sina hakika nitalifikisha salama.

Marehemu Avis Tuttle Colburn alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Februari 1941, katika nyumba ya Tuttle juu ya kilima cha mashariki hapa Harbrook, jimbo la Vermont, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Alden Tuttle na mkewe Cora, siku ambayo theluji ilifunga barabara hata mkunga akaletwa kwa sleji ya kuburuza magogo juu ya theluji, na mama alipenda kusimulia kwamba mtoto alimtangulia mkunga, na mkunga alipoingia alitazamwa kama mtu anayetakiwa kujieleza.

Alianza masomo Septemba 1947 katika shule ya chumba kimoja iliyokuwa chini ya daraja, akamaliza mwaka 1955, akaingia sekondari ya wilaya na kuhitimu Juni 1959 akiwa wa pili darasani, nami nataja nafasi hiyo kwa kuwa kila mtu aliyewahi kumsifu mbele ya wageni kwamba alikuwa wa kwanza alisahihishwa hapo hapo. Mimi alinifundisha kusoma kwenye meza ya jikoni kabla sijaanza shule, na nilipobahatisha neno kwa kuangalia picha alinipiga kidogo kwa kijiko cha mbao na kusema, "We Royce, acha kubuni. Soma kilichoandikwa." Ndicho ninachojaribu kufanya leo.

Katikati ya masomo hayo, Alhamisi tarehe 16 Oktoba 1958, baba yetu aliuza ng'ombe wake wote kumi na tisa, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimeacha kupokea maziwa ya madebe na kumtaka kila mfugaji awe na tangi la chuma la kupozea, nasi tangi hatukuwa nalo. Jioni ya siku hiyo, saa ya kukama, lilitokea jambo bandani ambalo tuliliona watu wawili tu, Avis akiwa na miaka kumi na saba na mimi kumi na miwili, tukaapa pale pale mlangoni kwamba hatutamwambia mtu yeyote maadamu tunaishi. Jambo hilo naliruka kwa sasa, nitalirudia.

Alisoma Chuo Kikuu cha Vermont kule Burlington kuanzia 1959 hadi 1963, akarudi na shahada, miwani, na tabia ya kuweka kalamu kwenye nywele, akaajiriwa mwaka huo huo kufundisha Kiingereza na uraia katika sekondari ile ile aliyosoma, akafanya kazi hiyo miaka ishirini na moja, hadi Juni 1984, na naona humu ndani vichwa vingi vyenye mvi ambavyo alivitoa nje ya darasa kwa kutafuna ubani.

Tarehe 22 Juni 1963, siku ya Jumamosi, katika jengo hili hili, alifunga ndoa na Emory Colburn, mpima ardhi, mtu mpole aliyeweza kutembea msituni kutwa nzima bila kusema neno na akafika nyumbani akidhani mmezungumza, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Prudence, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1966 na ambaye sasa ni daktari wa mifugo kule Oregon. Emory alitangulia tarehe 9 Novemba 2009. Ndoa yao ilidumu miaka arobaini na sita, na sikuwahi kusikia wakigombana ila kuhusu ramani.

Januari 1968 mkutano wa mwaka wa kanisa ulimchagua Avis kuwa katibu, akashika kazi hiyo miaka arobaini na saba, hadi 2015 macho yalipokataa, na hapa lazima niseme kidogo, maana wageni mliosoma vitabu vyake mnadhani aliandika vitabu halafu akawa na kanisa kando, wakati yeye mwenyewe alisema mambo yalikuwa kinyume. Kanisa letu halina askofu, hakuna mtu mbali anayetuamulia, hivyo tunapiga kura kumwita mchungaji, tunapiga kura juu ya paa, na mwaka 1974 tulijadili rangi ya zulia kwa saa tatu na nusu, hata mchungaji wa wakati ule, kijana aliyetoka mjini, akamwuliza Avis mlangoni, kwa uchovu, kama kweli aliamini Roho Mtakatifu alikuwamo katika kikao kile. Avis alimjibu, "Alikuwamo, Mchungaji. Ila alinyoosha mkono na hakuna aliyempa nafasi."

Alisema alijifunza kuandika kwa kuandika muhtasari, kwa sababu katibu mzuri huandika kilichotendwa na kilichosemwa, hataji nani alinuna, huweka jina la aliyetoa hoja na jina la aliyeiunga mkono hata kama wote wawili ni wapumbavu, halafu mwaka unaofuata huketi kimya huku watu wale wale wakimwambia alipokosea. Mwandishi wa riwaya asiyepita katika mateso hayo, alisema, huanza kujiona mungu mdogo, na miungu midogo ina sentensi mbaya.

Mimi na yeye hatukuwahi kukubaliana juu ya mgombea yeyote. Tangu nilipofikisha umri wa kupiga kura mwaka 1967 tulikwenda kituoni kwa gari moja, tukafutana kura, tukarudi kwa gari moja tukila keki za akina mama wa kanisa, na Emory aliwahi kutuuliza kwa nini tusibaki nyumbani wote wawili tukaokoa mafuta, matokeo yakawa yale yale. Avis alimwambia, "Tukienda, tumepingana. Tukibaki, tumelala tu. Hujaona tofauti, mume wangu?" Emory akasema ameiona, akawasha gari.

Aliandika riwaya tano kati ya 1971 na 2008, alipewa tuzo ambazo Prudence amezipanga kwenye meza ile ya kahawa, mnaweza kuzishika, hazivunjiki, na riwaya yake ya pili, Saa ya Kukama, iliyotoka Oktoba 1986, ndiyo iliyouza zaidi, na ndiyo iliyoleta shida.

Katika riwaya hiyo yumo shemasi wa kanisa dogo ambaye anauza ng'ombe wake, na jioni, kwa mazoea, anakwenda bandani saa kumi na moja, anaketi kwenye kigoda chake katikati ya vizimba vitupu, anaweka ndoo katikati ya magoti, na analia kwa sauti huku mikono yake ikienda kama inayokama. Jumapili inayofuata anasoma Maandiko kanisani kwa sauti kavu na hakuna anayejua. Wasomaji wa New York waliandika barua kusema ukurasa huo uliwatoa machozi, lakini hapa Harbrook hakuna aliyelia, hapa watu walikaa jikoni wakihesabu ni shemasi yupi aliyeuza ng'ombe, na jibu lilipatikana upesi, kwani Shemasi Orrin Whitcomb alikuwa ameuza wake mwaka 1985. Wiki ya Krismasi dukani mtu mmoja alimwuliza kama anahitaji leso, na Orrin, mtu aliyekuwa na miaka sabini na moja, aliacha mkate na maziwa kwenye kaunta na kutoka.

Mkutano wa mwaka ulifanyika Jumapili, tarehe 25 Januari 1987, baada ya ibada, na iliwekwa hoja kwamba Avis Colburn aondolewe kufundisha shule ya Jumapili, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa na aliyoipenda kuliko tuzo zote mezani pale, kwa kuwa mtu anayewaanika wenzake hafai kukabidhiwa watoto. Tulijadili muda mrefu. Mama mmoja alisema mtu akilia bandani mwake ni kati yake na Mungu na ng'ombe, mwingine akamkumbusha kwamba ng'ombe wenyewe walishauzwa, watu wakacheka, na Orrin akasimama akasema, "Mimi sikulia. Niliuza, nikala, nikalala. Mke wangu yupo, mwulizeni."

Mwenyekiti akamwuliza Avis kama ana la kusema. Akaweka kalamu chini, akasema, "Shemasi Whitcomb siye niliyemwandika." Mtu nyuma akapaza sauti, "Basi ni nani? Tutajie tuyamalize." Avis aliinua macho, akatazama benchi la akina Tuttle, ambako nilikuwa nimeketi mimi, akanitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi tano, kisha akarudisha macho kwenye karatasi na kusema, "Siwezi kumtaja," akaishika kalamu akaandika kwamba amesema hawezi kumtaja.

Katika kanisa hili jambo linalomhusu mtu huamuliwa kwa vikaratasi, kila mmoja anaandika abaki au aondoke, vinakusanywa kwenye sahani ya sadaka, na katibu anavifungua kimoja kimoja na kuvisoma kwa sauti, macho yake peke yake yakiviona, huku mwenyekiti akichora mistari ubaoni. Emory alimnong'oneza mkewe apige kura, ana haki kama mwanachama yeyote, naye akasema, "Siwezi kujihesabu mwenyewe." Lucian Barrow, mkwe wa Orrin, aliingia wakati huo huo akikung'uta theluji kwenye buti, maana alikuwa amekwama kwenye barabara ya mtoni, akapewa kikaratasi mlangoni, akawa wa mwisho kukitia kwenye sahani. Avis akasoma vyote hamsini na saba kwa sauti moja, bila kusita, kama anayesoma orodha ya nyimbo, na ilikuwa kura ishirini na tisa za aondoke, ishirini na nane za abaki. Aliandika matokeo hayo kwa mkono wake, kwa wino, na yapo katika daftari la tano ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, hati nzuri isiyopinda.

Angepiga kura ingekuwa sare, na hoja iliyofungana huanguka.

Watu walikuwa wamehesabu vichwa kabla Lucian hajaingia, wakakisia ni nusu kwa nusu na kwamba kura yake ndiyo iliyoamua, hivyo kabla theluji ya mwaka huo haijayeyuka Lucian alikuwa amepewa jina. Waliochukia uamuzi walimwita kwa hasira, na waliofurahia walimwita kwa utani, na baadaye hata watoto wasiojua kisa walimwita hivyo hivyo: Ishirini na Tisa. "Ishirini na Tisa, kahawa?" "Ishirini na Tisa, leo umekuja kumtoa nani?" Nimesikia hayo dukani, kwenye mnada, kwenye mechi za shule za wanawe, na naungama kwamba niliendelea kunywa kahawa yangu.

Januari 1988 muhtasari huo uliposomwa, mwenyekiti akauliza kama kuna masahihisho, Lucian alisimama, kofia mkononi, akasema, "Mimi niliandika abaki. Nataka ijulikane." Watu wakacheka, mmoja akamwambia, "Keti bwana, Ishirini na Tisa, yameshapita," na mwenyekiti akasema kwa heshima kwamba kura ni siri na hilo si sahihisho. Avis aliandika, nami nimeusoma mstari huo juzi, "Bwana Barrow alitoa maelezo." Jumapili iliyofuata alihama benchi la Tuttle, ambalo familia yetu imelikalia tangu 1831, yeye na Emory wakaenda kuketi benchi la Barrow, begani kwa Lucian, na hapo alikaa kila Jumapili kwa miaka thelathini na sita. Mimi nilibaki peke yangu kwenye benchi la watu saba. Nilidhani ananiadhibu, na huenda kidogo ilikuwa hivyo, ila nadhani zaidi alikuwa akimpa Lucian ushahidi wa pekee ambao katibu anaruhusiwa kuutoa.

Orrin Whitcomb alifariki mwaka 1990. Mwaka 1991 mkutano ulimrudisha Avis shule ya Jumapili kwa kura ya sauti, na mimi nilisema ndiyo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, hata mtoto wa mtu akaanza kulia. Alifundisha hadi 2011.

Wageni wengi wameniuliza aliamini nini, wakitaka jambo la kuandika magazetini, nami nawaelekeza kwenye hotuba aliyoitoa chuoni Burlington tarehe 8 Aprili 2003, ambayo niliisikiliza nikiwa mstari wa mwisho na buti za bandani. Alisema kila mtu ana banda ndani yake ambalo wengine hawajaingia, na imani ni kuamini kwamba banda hilo lipo hata kwa mtu unayemwona mjinga, na kuandika ni kusimama mlangoni pake kwa adabu, na demokrasia ni kukubali kwamba mtu huyo, pamoja na banda lake usilolijua, anahesabiwa moja kama wewe, wala si nusu. Kijana mmoja akamwuliza afanyeje ikiwa wengi wamekosea. Akamwambia, "Wamekosea mara nyingi, mwanangu. Walinikosea hata mimi. Unaandika matokeo, unarudi Jumapili." Watu walipiga makofi, na mimi niliinama nikajifanya nafunga buti, buti zisizo na kamba.

Afya yake ilianza kudhoofika Septemba 2022, akikosa pumzi kwenye ngazi, na tarehe 14 Oktoba madaktari wa Burlington walithibitisha kwamba moyo umepanuka na hauna nguvu ya kusukuma damu, akalazwa mara nne, na Desemba 2023 akaomba arudishwe nyumbani kilimani, kwenye chumba kinachotazama banda. Nilikwenda kila siku baada ya kukama asubuhi. Alasiri ya tarehe 20 Februari mwaka huu niliona muda unaniishia, nikavua kofia, nikasema, "Avis, ile siku ya vikaratasi."

Akasema, "Kura ni siri, Royce."

Nikasema, "Siri ni yangu. Naweza kuitoa."

Akasema, "Unaweza. Ila si kwangu. Mimi nilikuwa katibu, katibu hapokei kura kitandani." Akafumba macho, nikadhani amelala, kisha akasema, "Na chai imepoa, mdogo wangu, umekaa tu unaitazama."

Tarehe 5 Machi, Jumanne, ulikuwa Mkutano wa Mji, ambapo wakazi wote huyapigia kura mambo yao, wa kwanza ambao hakuhudhuria tangu 1962, na jioni aliniuliza kama hoja ya greda la barabara ilipita, nikamwambia ilipita, akauliza mimi nilipiga vipi, nikasema niliipinga, akasema, "Nilijua. Ningekuwapo ningekufuta." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Alifariki kesho yake, Jumatano tarehe 6 Machi 2024, saa tatu na robo asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu na wiki tatu, Prudence akiwa amemshika mkono, nami nikiwa bandani, na kwa kuwa ardhi ilikuwa bado imeganda tumengoja hadi leo, Jumamosi tarehe 11 Mei, ili apate kulazwa kando ya Emory.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Ingrid Halvorsen na wauguzi wote, hasa muuguzi Tomasz aliyemsomea magazeti na kuvumilia kusahihishwa matamshi, nawashukuru majirani waliotuondolea theluji bila kuombwa na walioleta vyakula vingi vya viazi kuliko familia ya watu wawili inavyoweza kula, nawashukuru walimu wenzake, waandishi wenzake, na wanafunzi wake wa miaka yote. Kama nimemsahau mtu, nanyi mna nafasi ya kusahihisha, ndiyo sababu ya utaratibu huu.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, kabla hujauliza, nina sahihisho.

Katika daftari la tano, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, imeandikwa kwamba Avis Colburn alisema hawezi kumtaja mtu aliyemwandika. Isomeke kwamba mtu huyo ni Alden Tuttle, baba yetu, ambaye jioni ya tarehe 16 Oktoba 1958 aliketi bandani na ndoo tupu na kulia kama ilivyo kitabuni, neno kwa neno, na kwamba Orrin Whitcomb alisema kweli, aliuza, akala, akalala. Avis hakuweza kumtaja kwa sababu ya kiapo alichokula na mdogo wake. Mdogo wake alikuwapo kikaoni na angeweza kumfungua kwa neno moja. Hakulisema. Kwake Avis kuandika hakukuwa kusema, alikuwa amemvika baba koti la mtu mwingine ili aweze kumlilia hadharani, ila mimi sikuelewa hivyo, niliona amelifungua banda letu na kuwaita watu, na nilikasirika kuliko nilivyopata kukasirika maishani.

Iandikwe pia kwamba kura ya ishirini na tisa haikuwa ya Lucian Barrow. Ilikuwa yangu. Niliandika aondoke, nikakunja, nikatia kwenye sahani, na nilipotoka nje kwenye baridi nikatia mkono mfukoni kutafuta glavu nikashika kitu nilichokuwa nimeandikia, nacho hakikuwa kalamu, ilikuwa chaki ya nta nyekundu ninayotilia alama mitamba iliyopandwa. Mnajua kilimani kule ni mimi tu ninayetumia nyekundu. Dada yangu alikuwa amekifungua kikaratasi kile mbele yangu, akaona rangi, akajua, akasoma "aondoke" kwa sauti ile ile aliyosomea vingine, akaendelea na kinachofuata. Hakuwahi kuniuliza. Aliniletea pai ya tufaha siku yangu ya kuzaliwa, Aprili ile ile, kama kila mwaka.

Lucian, uliandika abaki, nimejua hivyo miaka yote, maana waliohesabu vichwa walinihesabu mimi upande wa dada yangu, nikakuacha uitwe jina langu. Naomba unisamehe, na naomba mbele ya watu hawa jina hilo tangu leo niitwe mimi. Avis hakuweza kukusafisha bila kuivunja siri ya kura, hivyo akangoja awe amekufa, akatuweka mimi na wewe mbele ya kanisa moja, mimi na karatasi, wewe na kiti. Alikuwa mtunzi, alijua kazi yake.

Hilo ndilo sahihisho langu. Sasa natoa hoja kwamba historia hii, kama ilivyosahihishwa, ikubaliwe, na kwamba Avis Tuttle Colburn aachwe aende akapumzike kwa amani. Utawauliza wanaokubali, nao watasema ndiyo, kisha, kwa kuwa yeye alitufundisha kutoruka hatua hiyo hata pale ambapo hakuna wa kuijibu, utauliza kama yupo anayepinga.

Yupo. Iandikwe hapana moja, ya mdogo wake, na isiwe ya siri. Hoja itapita bila mimi, Bwana Mwenyekiti, najua hesabu. Pumzika kwa amani, dada. Jumapili nitarudi.